Kichwa Bapa kwa Mtoto Mchanga: Anza na Shingo

Mtoto ana wiki sita. Kila ukimtazama amelala, uso wake uko upande uleule. Unamgeuza, na baada ya dakika mbili amerudi alikokuwa. Ukipitisha kiganja kwenye kisogo unahisi upande mmoja umebonyea kuliko mwingine. Hapo ndipo nyumba nyingi za Nairobi huanza kushughulika na kichwa: kukikanda kwa kitambaa cha maji moto, kukifunga leso, kununua mto wenye shimo katikati. Kichwa hakina kosa. Kinachotakiwa kukaguliwa kwanza ni shingo, na ikaguliwe mapema, mtoto akiwa bado hajafika miezi mitatu.

Boga juu ya jiwe

Fuvu la mtoto mchanga ni vipande kadhaa vya mfupa laini vilivyounganishwa na maungio yanayotanuka. Mtoto huzaliwa na mzingo wa kichwa wa karibu sentimita 35. Katika miezi mitatu ya kwanza mzingo huo huongezeka takriban sentimita 2 kila mwezi, kisha sentimita 1 kwa mwezi hadi miezi sita, halafu nusu sentimita kwa mwezi hadi mwaka. Ubongo ndio unaosukuma fuvu kutoka ndani, nalo hutanuka penye nafasi. Sehemu iliyolaliwa saa kumi na sita kwa siku haina nafasi, kwa hiyo ukuaji huhamia kwingine. Boga lililokulia juu ya jiwe huwa bapa upande ule uliogusa jiwe, na hakuna aliyelibonyeza.

Dawa yake imo katika maelezo hayohayo. Ukiondoa jiwe wakati boga bado linakua haraka, hujirekebisha. Ukingoja hadi miezi minane, ukuaji umepungua na fuvu halina tena kasi ya kutosha ya kujaza pale palipobaki.

Tatizo hili liliongezeka baada ya 1992, madaktari wa watoto wa Marekani walipoanza kushauri watoto walazwe chali. Vifo vya ghafla usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu, na vichwa bapa vikaongezeka. Kwa hiyo tusielewane vibaya: mtoto alale chali kila anapolala, usiku na mchana. Kisogo bapa kinarekebishika, ila pumzi iliyokatika hairudi.

Msuli wenyewe

Kila upande wa shingo una msuli mrefu unaoanzia kwenye mfupa nyuma ya sikio, ukateremka mshazari hadi kwenye mtulinga na mfupa wa kifua. Ukigeuza uso wako kushoto kwa nguvu mbele ya kioo, utauona ule wa kulia ukisimama kama kamba. Kazi yake ni mbili kwa pamoja: huinamisha kichwa upande wake, na hugeuza uso upande wa pili. Watu wengi huchanganyikiwa hapa, kwa hiyo soma polepole. Msuli wa kulia ukiwa mfupi, sikio la kulia huvutwa kuelekea bega la kulia, na kidevu huelekea kushoto. Mtoto wa namna hiyo akilala chali huangalia kushoto, na kinachobonyea ni kisogo upande wa kushoto.

Hali hiyo ya shingo madaktari huiita tortikolisi, na ubapa unaoifuata huitwa plagiosefali. Huwapata zaidi watoto waliobanwa tumboni: mimba ya kwanza, mapacha, mtoto mkubwa, aliyetanguliza matako, au aliyevutwa kwa koleo au kifaa cha kunyonya wakati wa kuzaliwa. Baadhi yao huota uvimbe mgumu kama punje ya haragwe ndani ya msuli, unaoonekana kati ya wiki ya pili na ya nne, na ambao huyeyuka wenyewe katika miezi inayofuata. Uvimbe huo aupapase mhudumu wa afya, lakini usisuguliwe kwa nguvu na mtu yeyote.

Wapo pia wasio na msuli mfupi hata kidogo. Wamezoea tu upande mmoja kwa sababu dirisha, taa na mama viko huko. Katika nyumba ya chumba kimoja ambamo kitanda kimegusa ukuta, mtoto ana upande mmoja tu wenye kitu cha kutazama, na wiki nane za kutazama huko zinatosha kubonyeza kisogo.

Mkague nyumbani

Chagua wakati ameshiba na ametulia, kwa mfano nusu saa baada ya kunyonya.

1. Mlaze chali kwenye godoro gumu, mabega yakiwa sawa. Tazama pua, kitovu na katikati ya mapaja: je, viko kwenye mstari mmoja? Kichwa kikiinamia upande uleule kila mara, andika ni upi.

2. Tikisa kijaluba chenye punje za mahindi, au sogeza uso wako polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kidevu cha mtoto mchanga hufika juu ya bega pande zote mbili bila taabu. Akiishia njiani upande mmoja, au akigeuza mwili mzima badala ya shingo, hiyo ni dalili.

3. Angalia mikunjo ya shingo. Upande uliobanwa huwa na mikunjo mirefu, mara nyingi yenye unyevu, wekundu na harufu ya maziwa yaliyoganda.

4. Siku ya kuoga, nywele zikiwa zimelowa, mtu amkalishe mapajani nawe usimame juu yake ukitazama utosi. Ubapa wa kawaida hufanya kichwa kionekane kama mstatili uliosukumwa pembeni: kisogo kimebonyea upande mmoja, sikio la upande huohuo limesogea mbele, na paji la upande huohuo limetokeza kidogo. Piga picha, pua ikiwa juu ya fremu. Rudia kila baada ya wiki mbili, mahali palepale. Macho yanayomwona mtoto kila siku hayaoni mabadiliko, lakini picha huyaonyesha.

5. Kumbuka anavyonyonya. Mtoto anayekataa titi moja au anayetoa machozi akiwekwa mkono mmoja mara nyingi analalamika kuhusu shingo, wala si maziwa.

Lisiloweza kungoja

Kuna shingo zilizoinama na vichwa vilivyopinda ambavyo mazoezi hayatavisaidia. Mpeleke mtoto hospitali mapema ukiona sikio la upande wa ubapa limerudi nyuma badala ya kwenda mbele, au ukihisi tuta gumu kama uzi mnene kwenye maungio ya fuvu. Huenda mshono wa fuvu, yaani mojawapo ya maungio hayo, umefunga kabla ya wakati, na hilo ni la daktari wa upasuaji wa ubongo. Matokeo ya upasuaji huwa bora mtoto akionekana katika miezi ya mwanzo.

Nenda siku hiyohiyo ikiwa shingo ilikuwa sawa kisha ikapinda ghafla, ikiwa kuna homa, kutapika kwa kurudia, utosi uliovimba, au mtoto analegea na ni mgumu kuamka. Mtoto asiyesogeza mkono mmoja tangu kuzaliwa achunguzwe mtulinga na neva za bega kabla hujamgusa shingo. Anayeinamisha kichwa ilhali shingo inageuka vizuri pande zote anaweza kuwa na shida ya macho. Anayejipinda mgongo na shingo kila baada ya kunyonya huenda anasumbuliwa na maziwa yanayorudi kooni. Na mtoto mwenye dalili za Down (hali ya kuzaliwa nayo) asinyooshwe shingo hadi daktari aruhusu.

Omba pia nyonga zake zikaguliwe. Kubanwa kulekule tumboni kunakofupisha msuli wa shingo wakati mwingine huacha nyonga isiyokaa vizuri, na nyonga iliyogunduliwa mapema hutibiwa bila kisu.

Kumpanga mtoto kutwa nzima

Hii ndiyo sehemu nzito ya kazi, nzito kuliko mazoezi yenyewe. Tutamchukua mtoto mwenye msuli mfupi wa kulia: anaangalia kushoto, kisogo cha kushoto kimebonyea. Tunataka aangalie kulia. Kama wako ni kinyume, badilisha kulia na kushoto kila mahali, na uandike kwenye karatasi ukutani ili usikosee saa tisa usiku.

Kitandani, kila kinachovutia kiwe kulia kwake. Huhitaji kuhamisha kitanda. Mgeuze mtoto, kichwa kiwe ilikokuwa miguu, na ukuta utahamia kushoto kwake. Akishalala usingizi mzito, unaweza kumgeuza uso taratibu kulia. Akirudi, rudia ukiamka kumnyonyesha. Usimshikilie kwa leso iliyokunjwa wala mto, na usimlaze ubavu: kutoka ubavuni mtoto hubingirika kifudifudi, na kitambaa kikaziba pua.

Wakati wa kumlisha kwa chupa au kijiko, mlaze kwenye mkono wako wa kushoto, kichwa kwenye kiwiko, ili kukutazama kumlazimu kugeukia kulia. Wanaonyonyesha wabadilishe titi kama kawaida. Titi analolikataa, jaribu kumweka kwapani, miguu ikielekea nyuma yako, ili anyonye bila kuvuta shingo wakati bado imekaza.

Ukimbeba begani, mweke bega lako la kushoto akitazama nyuma yako. Shingo yako inamzuia kushoto, naye hutafuta ya kutazama kulia. Mgongoni kwa leso ni pazuri sana, kwa sababu kisogo hakigusi kitu na mapaja yaliyotanuka husaidia nyonga. Hakikisha shavu la kushoto ndilo limegusa mgongo wako na uso unaelekea kulia, pua iko wazi, kidevu hakijazama kifuani. Kwa mtoto ambaye shingo haijakaza, leso ipande hadi nyuma ya masikio.

Kifudifudi akiwa macho: hapa ndipo shingo inapojengwa. Anza tangu wiki ya kwanza, dakika 3 hadi 5, mara mbili au tatu kwa siku. Kufikia miezi miwili jumla iwe nusu saa kwa siku, vipande vipande. Shirika la Afya Duniani lilitaja nusu saa hiyo kuwa kiwango cha chini katika mwongozo wake wa 2019 kwa watoto ambao hawajaanza kutambaa. Analia? Wengi hulia. Mlaze kifuani kwako ukiwa umeegemea, au kunja leso mbili kama bomba la unene wa kifundo cha mkono uziweke chini ya kwapa zake, mikono ikitangulia mbele. Kaa kulia kwake, chini kabisa, uso wako usawa wa wake. Acha akichoka, kabla hajakasirika, kwa sababu mtoto hukumbuka mkeka aliolilia. Na usiondoke hata kidogo akiwa kifudifudi. Akisinzia, mgeuze chali.

Punguza viti vya kubembea na vibebeo vya gari. Humo mtoto huegemea palepale palipobonyea, na shingo hujikunja upande wake wa mazoea. Vitumike safarini tu, na mkifika nyumbani atolewe. Julai, baridi ya Nairobi ikibana, kofia nzito na kola nene za sweta huzuia shingo kugeuka. Nguo mbili nyepesi zinafaa kuliko moja ngumu.

Kunyoosha shingo

Mwone mtaalamu wa fiziotherapia kwanza, akuonyeshe kwa mikono yake, nawe urudie mbele yake. Hili si la kurukwa. Tunayaeleza mazoezi ili usiyasahau ukifika nyumbani, yasichukue nafasi ya kliniki.

Kugeuza: mtoto chali. Kiganja kimoja kiwe juu ya bega lake la kushoto, kikilizuia lisiinuke. Kingine kishike shavu na upande wa kichwa, kigeuze uso kulia polepole hadi uhisi msuli unaanza kukataa. Simama hapo. Shikilia sekunde 10, na siku zikienda ufikie 30.

Kuinamisha: zuia bega la kulia lisipande. Mkono mwingine uwe chini ya kisogo, ulete sikio la kushoto kuelekea bega la kushoto, pua ikibaki inatazama dari. Pua ikigeuka, unanyoosha msuli mwingine. Shikilia vivyo hivyo.

Kila moja mara tatu, kila unapobadilisha nepi mchana: mara nne hadi sita kwa siku zinatosha. Imba, ongea naye. Akipinga kwa nguvu, legeza na ungoje. Msuli unaopigana haunyooki. Acha kabisa akibadilika rangi au kupumua kwa shida, na ukihisi kitu kimeachia ghafla ndani ya shingo, mpeleke akaangaliwe.

Lipo na la kunyoosha ukiwa unatembea, ambalo watoto wengi hulipenda kuliko yote. Mbebe ubavu wa kulia ukiwa chini, mgongo wake kwenye kifua chako, anatazama mbele. Mkono wako mmoja upite kati ya sikio lake la kulia na bega la kulia, ukiinua kichwa kidogo. Mwingine upite kati ya miguu yake ukishika kiwiliwili. Tembea naye dakika chache hadi dirishani na kurudi.

Kuanzia kama miezi mitatu au minne, kichwa kikiwa kimekaza, ongeza la nguvu. Msuli wa kushoto umedhoofu kwa kukosa kazi. Mshike kiwiliwili akiwa wima, umwinamishe taratibu upande wa kulia. Kichwa chake kitajivuta kushoto kurudi wima. Sekunde tano, mara tano. Kichwa kikining'inia, umemwinamisha mno.

Mazoezi yakianza kabla ya mwezi mmoja, karibu watoto wote hugeuza shingo kikamilifu baada ya wiki sita hivi. Yakianza baada ya mwezi, tegemea hata nusu mwaka. Baada ya miezi sita, huenda miezi tisa au kumi, na baadhi hawafiki.

Wanaobaki na mtoto

Likizo ya uzazi nchini ni miezi mitatu, na ubapa huwa katika kilele mtoto akiwa na miezi minne hivi. Mama anarudi kazini wakati mbaya kabisa. Kwa hiyo mtu anayebaki na mtoto, awe dada wa nyumbani, nyanya au mama wa kea (nyumba ya kulelea watoto mchana), afundishwe kabla ya siku ya kwanza, kwa vitendo. Chagua mambo matatu tu: uso uangalie upande gani, dakika ngapi kifudifudi akiwa macho, na kwamba usingizini ni chali bila mto. Funga uzi mwekundu kwenye mkono wa nguo wa upande anaotakiwa kuangalia, nje ya kiganja ili asiufikie mdomoni. Kunyoosha msuli usimwachie mtu ambaye hakuonyeshwa na mtaalamu. Katika kea yenye watoto wengi na wahudumu wawili, omba angalau abebwe mgongoni kipindi kimoja asubuhi na kimoja alasiri, hilo wanaliweza.

Kwa shosho anayekanda kichwa, heshima na kazi mbadala hufaa kuliko mabishano: "Shosho, daktari amesema kichwa kisiguswe kwa sababu utosi bado ni laini. Amesema mafuta tumpake shingoni na mabegani, na wewe ndiye mwenye mikono mipole." Kukandamiza fuvu hakulifinyangi, na kumwinua mtoto kwa kushika kichwa ili "kunyoosha shingo" baada ya kuoga kunaweza kumjeruhi uti wa mgongo. Hilo likataliwe waziwazi.

Mto wenye shimo nao uache dukani. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya wazazi wasiitumie mito ya kurekebisha kichwa, kwa kuwa inaweza kuziba pumzi ya mtoto.

Kliniki, na swali la helmeti

Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ni miadi yako mitatu ya bure ya kukagua shingo. Nenda na kijitabu cha mama na mtoto, picha zako za utosi, na sentensi moja isiyozunguka: "Mtoto wangu haangalii kulia, na kisogo cha kushoto kimebonyea. Naomba shingo na nyonga zikaguliwe." Foleni ni ndefu na muuguzi ana dakika chache, kwa hiyo ukisema tu "kichwa hakiko sawa" utaambiwa kitajirudi. Omba rufaa ya fiziotherapia. Mbagathi, Mama Lucy Kibaki na Hospitali ya Kenyatta wana idara hiyo. Mzingo wa kichwa uandikwe kwenye kijitabu kila mara. Ukipanda au kushuka nje ya mkondo wake wa kawaida, hilo si suala la kulala tena.

Ni kweli kwamba wengi hujirudi. Utafiti wa New Zealand uliochapishwa 2004 ulifuatilia watoto 200: karibu mmoja kati ya watano alikuwa na ubapa akiwa na miezi minne, na wakifika miaka miwili walibaki watatu hivi kati ya mia. Lakini msuli mfupi wa shingo haujirudi kwa urahisi huohuo, ndiyo maana jibu la "ngoja tu" halitoshi kabla shingo haijakaguliwa.

Helmeti ya kurekebisha fuvu huvaliwa saa 23 kwa siku na ni ghali. Jaribio la Uholanzi la 2014 lililinganisha watoto waliovalishwa na wasiovalishwa, wote wakianza na miezi mitano au sita. Wakiwa na miaka miwili, waliopona kabisa walikuwa kama robo katika kila kundi. Kwa maoni yetu pesa hizo ziende kwanza kwenye fiziotherapia na nauli ya kliniki. Ubapa mkubwa sana bado ni wa kujadiliwa na mtaalamu, kabla ya mwaka mmoja. Ubapa wa kulaliwa haubani ubongo. Hata hivyo baadhi ya watoto wenye ubapa huchelewa kukaa au kutambaa, kwa hiyo fuatilia hatua hizo pia.

Shingo ikishageuka sawa pande zote, usiyaache mazoezi ghafla: yapunguze hadi mara moja kwa siku kwa mwezi mmoja zaidi. Kuinama hurudi kidogo mtoto akiwa na mafua, akiota meno, au akijifunza kukaa na kusimama, kisha huisha ndani ya siku chache. Kukizidi wiki mbili, rudi kwa mtaalamu. Mkague tena anapoanza kutembea: mabega sawa, kichwa wima, na viatu vyote viwili vikilika sawasawa.